Shangazi, mke wangu ananiaibisha kwa wenzangu tangu niumwe ini

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni baba wa miaka 44, nafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Mwanzoni mwa mwaka huu nililazwa Bugando, tumbo limejaa maji. Wakanitoa maji, wakaniambia ini lina makovu na nisiguse pombe tena maisha yangu yote. Lakini walisema pia nina kichocho cha siku nyingi, kwa hiyo si pombe peke yake, na mimi nilikuwa nakunywa kistaarabu tu, bia mbili tatu baada ya kazi. Tatizo langu ni mke wangu. Amewatangazia wenzangu ninaokaa nao jioni kwamba mimi ni mgonjwa, wasininunulie. Nikichelewa kidogo anapiga simu. Juzi amekuta chupa ya mgeni chumbani, kaimwaga yote. Asubuhi mikono inanitetemeka kwa sababu ya dawa, ikifika jioni natulia, yeye anadai nakunywa. Biashara zetu zinamalizikia mezani, Shangazi, wateja wa Kongo na Burundi huwezi kukaa nao na chupa ya maji. Na mwezi ujao kuna harusi ya mtoto wa rafiki yangu, mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya vinywaji. Nifanyeje nikae na watu bila kuonekana kituko? Na nimwambieje mke wangu aache kunidhalilisha? Bia moja ya kuchangamsha meza ina ubaya gani?
Baba Mapacha, Mwanza."

Marahaba, Baba Mapacha. Pole kwa kuugua. Tumbo kujaa maji si jambo dogo, na kuambiwa habari ya ini lenye makovu ukiwa na miaka 44, watoto bado wanakutegemea, kunamvunja mtu nguvu. Pole sana. Sasa niruhusu niseme nawe kama mtoto wa kaka yangu, kwa sababu nimeisoma barua yako kwa utulivu na ndani yake nimemwona mtu mmoja aliyeonewa, naye si wewe.

Tuanze na hiyo chupa. Unasema ilikuwa ya mgeni. Mgeni gani huyo anayekunywea chumbani kwako? Mgeni hukaribishwa sebuleni, na chupa yake huwa juu ya meza kila mtu akiiona. Chupa inayokutwa chumbani, kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba amekatazwa pombe, ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye aliyeniandikia barua. Mkeo analijua hilo, ndiyo maana aliimwaga bila kuuliza mgeni anaitwa nani.

Halafu mikono. Asubuhi inatetemeka, jioni inatulia. Dawa ulizopewa hospitali unazimeza saa ngapi hata zikutetemeshe asubuhi peke yake? Mwili uliozoea pombe hudai chake alfajiri, ukilipwa jioni unanyamaza. Mimi si daktari, na najua mgonjwa wa ini anaweza kutetemeka kwa sababu nyingine, tena ya hatari: ini likishindwa kusafisha damu, uchafu wake hufika kwenye ubongo, mtu akaanza kuchanganya maneno, kusinzia mchana na kukesha usiku. Kwa hiyo vyovyote iwavyo, wiki hii rudi kliniki, nenda na mkeo, useme ukweli wote ikiwemo habari ya chupa. Na kama umekuwa ukinywa kila siku, usijifungie ndani ukaacha kwa mara moja kibabe. Mtu wa aina hiyo anaweza kupata degedege akafa. Hospitali wana namna ya kumvusha mtu siku hizo za mwanzo, na hawatakushangaa, wewe si wa kwanza.

"Kistaarabu." Neno hilo nalisikia kwa kila mwanamume anayeniandikia kuhusu pombe. Haya, tukubali kwamba zilikuwa bia tatu. Chupa moja ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi kitupu. Tatu ni mililita 75 kwa siku, na kwa mwezi ni zaidi ya lita mbili za kilevi kisichochanganywa na kitu, zote zinapita kwenye ini hilo hilo moja. Hapo nimehesabu zile unazokiri. Watu wa meza yenu huhesabu walizolipia wenyewe. Za ofa hazimo kwenye hesabu. Na usinijie na habari kwamba bia si pombe kali. Ini halina habari kama ni bia, wanzuki, komoni au gongo, linachoona ni kilevi.

Kwenye kichocho sikubishii hata kidogo. Sisi watu wa ziwani tunakijua. Watoto wetu wanaogelea, mama zetu wanafua na kuchota maji pale pale kwenye matete yenye konokono, na vijidudu vinapita kwenye ngozi bila mtu kusikia. Minyoo ikishakua inataga, mayai yanakwama kwenye ini mwaka hadi mwaka, yanaacha makovu. Damu ikikosa njia ya kupita kwenye ini inarudi nyuma, mishipa ya koo la chakula inavimba, na siku ikipasuka mtu anatapika damu beseni zima. Kuna familia nyingi Ukerewe na visiwa vya huku kwetu zinazojua ninachosema. Dawa ya kuua minyoo hiyo ipo, prazikwanteli, kama hukupewa iulizie. Lakini angalia ulichofanya, Baba Mapacha. Umeichukua habari ya kichocho ukaifanya wakili wa kuitetea bia. Daktari alipokuambia ini limeumizwa na vitu viwili, alikuwa anakuongezea sababu ya kuacha. Kichocho ulikipata utotoni bila kujua. Hii nyingine unaifungua kwa mkono wako.

Kuna jambo hukuliandika nami naliuliza: ulipimwa homa ya ini B? Kama unayo, mkeo naye lazima apimwe, kwa sababu inaambukizwa kwa damu na kwa tendo la ndoa. Asipokuwa nayo achanjwe, sindano tatu ndani ya miezi sita. Watoto walianza kuipata chanjo hiyo kliniki mwaka 2002. Wewe na mama yao mlizaliwa kabla. Na hiyo karatasi ya hospitali, mkeo ameisoma, au umeikunja ukaiweka mahali ilipokuwa chupa?

Sasa tuje kwa mama mapacha. Unalalamika amekutangaza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na wewe kilio kilikaribia mwanzoni mwa mwaka huu. Nani alikuwa anapanda kile kilima cha Bugando asubuhi na jioni na hotipoti mkononi? Nani anakupikia mboga yako kwenye sufuria ya pembeni, haina chumvi, kwa sababu chumvi inarudisha maji tumboni, halafu anawapikia watoto ya kwao? Hukuandika, lakini najua si hao wa mezani. Mwanamke huyu amemaliza maneno ya ndani, umemdanganya, ndipo akatoka nje kuwaomba wanaume wazima wasimnunulie mumewe sumu. Unadhani ilikuwa rahisi kwake? Kusimama mlangoni pa baa, wahudumu wanamtazama, wanaume wanaguna, aseme shida ya nyumba yake mbele ya watu? Yeye ndiye aliyedhalilika siku ile, na alikubali kudhalilika ili ubaki hai.

Na hapa niseme na wengine, maana barua za aina hii zinaongezeka. Ndoa za siku hizi zina ugonjwa wa ajabu. Mwanamume anamficha mkewe karatasi ya daktari, lakini anajua kila shemeji wa rafiki yake anadaiwa nini. Mke akiuliza hela imekwenda wapi, anaitwa polisi. Akinyamaza, anaitwa mke mwema, mpaka siku anavaa kanga nyeusi, ndipo watu wa meza wanakuja kusema marehemu alikuwa mtu wa watu. Mtu wa watu! Mliapa kanisani au mkafunga nikaha kwamba mtatunzana katika raha na shida. Kutunzana kuna maudhi yake. Kuna kuulizwa uko wapi, umekula nini, umemeza dawa. Na nyinyi wanawake mnaotuma mtoto dukani kumnunulia baba yake mzinga ili nyumba iwe na amani, amani hiyo mtailipia hospitali. Mwigeni mama mapacha.

Nirudi kwako. Unasema biashara inamalizikia mezani. Mnunuzi wa dagaa simjui leo. Anakuja Mwaloni asubuhi, anachukua dagaa kiganjani, anamvunja asikie kama amekauka, anapuliza mchanga, anatazama rangi, ndipo anataja bei. Anayetoka Kongo na lori lake hajatoka huko kwa ajili ya bia yako. Tena pale pale Mwaloni kuna Waislamu, Wasabato na walokole wenye mizigo mikubwa kuliko yako, hawajawahi kuinua chupa, na wateja wanawapigia simu kabla hawajavuka mpaka. Waulize wao wanamalizia wapi biashara.

Lakini sitaki ukae ndani kama mwali. Kujifungia nako kunaua, na mtu mpweke hurudi kwenye chupa haraka kuliko mwenye watu wake. Kaa na watu, ila badili saa na mahali. Kwa miezi hii ya mwanzo baa usiikanyage kabisa. Waite wenzako mchana, mle sato wa kuchemsha pale ufukweni, mwambie mpishi apunguze chumvi kwenye sahani yako. Jumapili nendeni uwanja wa Kirumba mkapige kelele. Kuna msiba, kuna mgonjwa wa kwenda kuona, kuna kikundi chenu cha kuweka na kukopa. Utamjua rafiki hapo: anayekuja mchana anakutaka wewe, anayekuja jioni tu alikuwa anaitaka raundi yako.

Ikitokea lazima ukae na wanywaji, fika umekula. Agiza wa kwanza kabla mtu hajakuagizia, maji makubwa yaliyofungwa, uyafungue mwenyewe, na glasi yako usiiache mezani ukienda msalani. Ikifika zamu yako ya kutoa ofa, lipia nyama na ndizi. Wakianza kurudia hadithi ile ile na sauti kupanda, hiyo ndiyo saa yako ya kuaga. Zile bia zinazoandikwa hazina kilevi ziache pia. Nyingine zina kidogo, na hata isiyo nacho ina ladha ile ile itakayokuamsha hamu.

Na usiwadanganye kwamba "nipo kwenye dozi". Kila mtu Mwanza anajua dozi ina mwisho, watakusubiri na kreti. Sema mara moja, kwa sauti ya kawaida: "Ini langu limeumia, daktari amefunga pombe moja kwa moja." Halafu uliza habari za mechi. Ukiona haya na wao watakuonea haya. Ukilisema kama unavyosema una presha, litaisha jioni hiyo hiyo. Na ukishalisema wewe mwenyewe, mkeo hatakuwa na sababu ya kulisema tena. Hukuona kwamba njia ya kumnyamazisha ilikuwa hiyo?

Bia moja ina ubaya gani, umeuliza. Jibu ni hapana, hata hiyo moja, hata nusu glasi ya kumpongeza bwana harusi. Ini lenye makovu likiachiwa pombe linaweza kusimama pale lilipofika, na wapo watu wanaoishi nalo miaka mingi wakilea watoto wao. Likiendelea kupewa, tumbo hurudi kujaa, na safari ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza. Ukijiona una homa, macho ya njano, choo cheusi kama lami au unatapika damu, usingoje kukuche. Dawa za mizizi za kusafisha ini unazoletewa na ndugu usimeze bila kumwonyesha daktari, zipo zinazolimaliza kabisa. Karanga na mahindi yenye ukungu tupa. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara kwa chakula cha nyumbani tu.

Imebaki harusi. Mwenyekiti wa vinywaji ndiye anayeonja, anayetunza kreti sebuleni kwake na anayefunga stoo saa nane usiku. Kazi hiyo huiwezi, na aliyekupa akijua unavyoumwa atakuondolea mwenyewe. Mpigie simu baba wa bwana harusi leo, usingoje kikao. Kabidhi daftari na hela yote iliyochangwa, mbele ya mhazini, isije ikasemwa umeondoka nayo. Omba kamati ya usafiri, hao ndio wanaotakiwa kuwa na macho makavu usiku ule. Mshereheshaji akiita watu waende kugonganisha glasi na maharusi, inuka na glasi yako ya juisi, gonga, rudi ukae. Na meza ya kukaa uichague mapema na mama mapacha, mbali na kaunta.