Vita iko mbali, mbona unga unapanda Mbuyuni?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi nauza maandazi na chapati hapa Moshi karibu na soko la Mbuyuni. Kila tukisikia vita, iwe Ulaya au Uarabuni, unga unapanda hata kabla meli haijafika bandarini, na konda nae anaongeza nauli. Sasa kwenye kikoba chetu mwenzetu mmoja anataka tuchukue akiba yote, milioni 4 na laki mbili, tununue dola kabla mambo hayajaharibika. Tufanyeje? – Mama Maandazi, Moshi

JIBU: Marahaba mama, pole na moto wa jiko. Naanza na hela zenu maana ndo zinanitia wasiwasi: msinunue dola kwa sababu ya habari ya vita. Mwezi wa tano 2025 dola ilikua karibu sh 2,700, mngeweka hiyo akiba yote mngepata kama dola 1,555, mwezi wa tisa ikawa chini ya 2,500, yani mngerudi na milioni 3 na laki nane na kitu, laki tatu zimeyeyuka na hapo duka la kubadilishia halijakata chake. Kodi mnalipa kwa shilingi, unga mnanunua kwa shilingi, dola ya nini?

Kuhusu bei: mafuta duniani hayauzwi ya leo tu, watu wanauziana mpaka ya miezi ijayo, kwahiyo bomu likilia leo bei inapanda kwa woga wa kesho. Mlango wa bahari wa Hormuz, pale kwa Iran, mwaka 2024 ulipitisha karibu moja ya tano ya mafuta yanayotumika duniani. Juni 2025 Israel na Iran walipigana siku 12, pipa likatoka kama dola 69 likagusa 80, na waliposimamisha mapigano likarudi chini ya 70. Woga ulikuja, woga ukaondoka, mafuta yenyewe yalikua yanapita tu.

2022 ilikua kitu kingine kabisa. Urusi imeingia Ukraine Februari 24, mwezi wa tatu pipa likapita dola 130, na nchi hizo mbili zilikua zinatoa zaidi ya robo ya ngano inayouzwa nje duniani, alafu bandari za Ukraine zikafungwa mpaka makubaliano ya mwezi wa saba ya kuruhusu nafaka ipite. Hapo mzigo wenyewe ulikwama, ndo maana maumivu yalikaa mpaka serikali ikaweka ruzuku ya mafuta ya bilioni 100 kwa mwezi. Kwahiyo mama, ukisikia vita uliza kwanza: njia imefungwa, au watu wameogopa tu? (Wenzetu wanaopeleka kahawa Ulaya wanalijua hili, meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 nyingi zikazunguka Afrika Kusini, wiki moja na nusu au mbili zaidi kufika Ulaya.)

Muuzaji wa jumla anapandisha mapema kwa kua anawaza hela ya kununulia mzigo unaofata, sio lazima awe mwizi, ila vita ikipoa hana haraka ya kushusha na hapo ni haki yako kumbana. Konda yeye hana sababu kabisa. Mafuta yetu ya kaskazini mengi yanashukia Tanga, EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta, wanatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi kwa hesabu ya mzigo ulionunuliwa nyuma, na nauli inapangwa na LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu. Akikuongezea mia mbili siku ileile ya habari, mkatalie.

Kama njia kweli imefungwa, chukueni kidogo kwenye kikoba mnunue mifuko mitatu ya kilo 25 kwa bei ya zamani. Isizidi hapo, unga ukikaa sana kwenye joto la Moshi unaingia wadudu.