Maswali ya Wasomaji: Igizo letu linapigiwa makofi, halafu basi

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 24, niko na kikundi cha sanaa huku Sengerema. Tunaigiza kuhusu mimba za wanafunzi, minadani na kwenye viwanja vya shule. Watu wanajaa, wanacheka, mwishoni mwanamume anafungwa miaka 30 na mgeni rasmi anatoa hotuba. Wiki haipiti, tunasikia binti mwingine kaacha shule. Tunakosea wapi?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Marahaba mwanangu. Igizo lenu linamaliza kila kitu lenyewe. Mwovu kafungwa, haki imetendeka. Mtazamaji amebakiwa na nini zaidi ya kupiga makofi? Isitoshe, wote pale uwanjani wanajua kwamba mara nyingi huyo bwana hafungwi. Wazee wanakaa, pesa au ng'ombe wanapita, mambo yanaisha kifamilia. Igizeni kikao hicho, na mkifika pabaya, simamisheni.

Mbrazili Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo, alijenga kazi yake juu ya jambo hili. Igizo linachezwa hadi linapoharibika, kisha linaanzwa upya, na safari hii mtazamaji yeyote anaweza kupaza sauti "simama!", akaingia, akashika nafasi ya anayeonewa na kujaribu njia yake. Alipokuwa diwani wa Rio de Janeiro, 1993 hadi 1996, maigizo ya namna hiyo yalizaa sheria 13 za jiji.

Kikundi changu kilifanya hivyo kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Victoria. Tulisimamisha pale wanaume wanapokubaliana kiasi, mama wa binti yuko jikoni. Mama mmoja muuza dagaa akavua kandambili, akamtoa mwigizaji wetu, akavuta kigoda na kuketi katikati ya wanaume. "Mnapanga bei ya mwanangu, mimi nachemsha chai?" Watu wakalipuka. Ila kilichonigusa zaidi ni mzee aliyesimama baada yake, wala hakuwa anaigiza: "Kesi tuliipeleka. Mahakama iko wilayani. Shahidi akiitwa mara ya tatu, nauli anatoa wapi?" Muda wote uliobaki tulizungumza nauli. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameliweka neno hilo kwenye igizo. Kabla ya jua kuzama, wenye mitumbwi walikubaliana wenyewe kuwavusha mashahidi bure.

Kwa hiyo anzeni kwa kusikiliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, huko huko kwenu Mwanza. Hawakwenda na igizo mkononi. Waliwauliza wanakijiji kinachowasumbua, na wanakijiji wakashiriki kulitunga na kulicheza. Baadaye, 1996, Muhando na Lihamba walianzisha mradi wa Tuseme, wasichana wa sekondari wakaigiza matatizo yao kwa vinywa vyao. Kazi hii ina wenyewe hapa hapa nchini, kawatafuteni.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu usalama. Msiigize kisa cha binti ambaye watu wa hapo watamtambua. Badilisheni jina, kazi ya baba, hata msimu. Msimwite msichana mbele ya watu asimulie yaliyompata, hata akitaka mwenyewe, muoneni pembeni. Kabla ya siku yenyewe, hakikisheni afisa ustawi wa jamii au askari wa dawati la jinsia anajua mnafanya nini na yuko tayari kumpokea atakayejitokeza. Awepo pia mwalimu wa kueleza namna ya kumrudisha binti shuleni. Tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi, nami bado nakutana na wazazi wasiolijua hilo. Linaniuma sana.

Mfadhili akitaka mwisho mzuri, mwambieni mwisho si wenu kuuandika. Akikataa, chezeni bila yeye. Ngoma mnazo na uwanja upo.

Mgeni rasmi mwalikeni, ila hotuba hapana. Akae kwenye mkeka na wengine, na watu wakianza kuuliza nauli itatoka wapi, ajibu yeye.