Gesi ya Qatar haikukatwa

Ndugu yangu, umeuliza kama mwaka 2017 Qatar na majirani zake walikatiana kila kitu. Karibu kila kitu, ila si gesi.

Tarehe 5 Juni Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilivunja uhusiano. Mpaka wa Salwa, njia pekee ya nchi kavu ya kuingia Qatar, ukafungwa. Maziwa ya Doha yalikuwa yakitoka Saudia kwa malori. Ghafla madukani zikajaa pakiti zenye maandishi ya Kituruki, na ng'ombe wa maziwa wakaletwa kwa ndege!

Lakini bomba la Dolphin, kilomita 364 chini ya bahari kutoka Ras Laffan nchini Qatar hadi Taweelah kule Abu Dhabi, liliendelea kupitisha gesi inayosaidia kuwasha umeme wa Falme. Qatar ingeweza kulifunga, haikufunga. Kwangu mimi huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote ya miaka ile. Oman nayo haikujiunga na mzingiro, na mizigo ya Qatar ikapitia bandari zake za Sohar na Salalah.

Wa kumkumbuka hapa ni Sheikh Sabah, aliyekuwa mtawala wa Kuwait. Mzee wa karibu miaka 88, katikati ya Ramadhani, alikwenda Jeddah, Dubai na Doha kusuluhisha. Alifariki Septemba 2020. Mapatano ya kumaliza mzozo yalitiwa saini Al-Ula, Saudia, tarehe 5 Januari 2021, hakuyaona.