Mwanangu, kuhusu amana ya nyumba ya Rau

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza umtoze mpangaji wako wa kwanza amana ya mwezi mmoja au miwili, ili akiharibu kitu usitoe fedha mfukoni. Nitalifikia hilo. Kwanza niambie, siku ya kukabidhi funguo nani atakuwa naye ndani ya nyumba? Wewe uko Dodoma. Na usiniambie dalali. Dalali akishapokea kodi yake ya mwezi mmoja hana habari na nyumba yako tena.

Mimi nasema siku zote, hata mdogo wako amechoka kunisikia: nyumba ikaguliwe na watu wawili waliosimama chumba kimoja. Vitasa vijaribiwe, koki zifunguliwe, choo kimwagiwe maji, picha zipigwe, yote yaandikwe na wote wawili watie sahihi. Namba ya mita ya maji iandikwe pia, maana bili ya MUWSA, mamlaka ya maji ya Moshi, inakuja kwa jina lako, na mtu akihama hahami nayo. Kwenye LUKU umeme hulipiwa kabla, ila kodi ya jengo inakatwa humo, 1,500 kila mwezi, na anayekatwa ni mpangaji anayenunua umeme. Mrudishie. Ni hela ndogo lakini huleta maneno makubwa.

Unakikumbuka chumba cha nyuma kule Pasua, mlichokuwa mnalala likizo? Mwaka 2014 nyumba ile alikaa mwalimu mmoja kijana, na mke wake na mtoto mchanga. Kodi ilikuwa 150,000, alilipa miezi sita kwa mkupuo, na amana ya mwezi mmoja juu. Baba yako alikuwa ameshaanza kuumwa, mambo ya nyumba yote nimeachiwa mimi. Siku ya kuwapa funguo sikwenda. Nilimtuma shangazi yako, akawapa getini, akarudi zake.

Walipohama nikaenda. Nikakuta mle chumbani alikuwa anafuga vifaranga. Maranda ya mbao sakafuni, harufu, alama ya jiko la mkaa kwenye saruji. Na ukuta wa upande wa bafu rangi imevimba kama andazi, plasta inamomonyoka ukiigusa. Nilipandwa na hasira, mwanangu. Nikamwita mjumbe. Yule kijana akasema, "Mama, ukuta huu tuliukuta na unyevu. Vifaranga ni kosa langu, ila ukuta siyo mimi." Nikamwambia mbele ya watu kwamba ni mwongo. Amana sikumrudishia. Hakupaza sauti. Alinikabidhi funguo zote, hata ule aliochongesha mwenyewe kwa hela yake, mke wake akapanda toyo na mtoto mgongoni, wakaenda.

Nikapiga plasta, nikapaka rangi, nikaweka mpangaji mwingine. Haikupita miezi mitatu, ukuta ukavimba palepale. Huyu hakuwa hata na paka. Fundi bomba akafunga koki zote za nyumba, akanipeleka kwenye mita: kile kigurudumu kidogo kinazunguka polepole, maji yanaenda na hakuna anayechota. Akapasua ukuta. Elbo ya bomba la bafu ilikuwa na ufa, inadondosha maji ndani ya tofali, pengine toka siku baba yako alipolilaza bomba lile na fundi wake. Kipimo cha dakika kumi tu, na mimi nilikuwa sijawahi kukifanya.

Nilimtafuta yule mwalimu. Shuleni wakasema amehamishiwa Singida, na namba yake ya simu haikupatikana tena. Ile 150,000 imo kwenye daftari la buluu mpaka leo, upande wa madeni, chini ya deni la bati.

Kuna siku najitetea. Vifaranga walikuwepo, sikuota. Maranda yaliziba chemba na kuzibua nililipa 35,000, hiyo ilikuwa halali yangu kabisa. Basi nimrudishie 115,000? Halafu nakumbuka nilivyomwita mwongo, na hesabu yote inaniishia mkononi.

Sasa, mwezi mmoja au miwili. Ningechukua miwili wakati ule, leo ningekuwa nimekalia 300,000 ya mtu badala ya 150,000. Lakini na yule dada wa nyumba ya Majengo aliyehama usiku, akaacha bili ya maji na kung'oa mpaka sinki la jikoni, kwa huyo hata mitatu isingetosha. Kwa hiyo siwezi kukukataza miwili. Ulimi unaniwasha kukwambia, ila nyumba ni yako, umeijenga kwa mkopo wako. Ninachokukatalia ni kushika hela ya mtu bila karatasi inayoonyesha ukuta ulikuwaje siku anaingia. Watu wawili, chumba kimoja. Bima ya moto kata, hilo sibishani, ila usitegemee bima ikulipie bomba linalovuja kidogo kidogo mwaka mzima.

Na akikupigia kwamba kuna unyevu mahali, usimwambie subiri. Masika inaanza Machi, bati la upande wa kihamba, kule kwenye migomba, halijawahi kupigwa na mvua ya wiki nzima. Akikuambia mapema amekuokolea fedha, hata kama anakusumbua saa tatu usiku.

Umesema anataka kuingia tarehe 1. Mwombe avumilie mpaka Jumamosi inayofuata. Nitapanda daladala ya asubuhi, nitamkuta hapo na daftari, tufunge koki zote mimi na yeye tuitazame mita. Mwambie aje na mke wake.

Mama yako