Maswali ya jenereta: pima kwanza, ndipo uniulize

Maswali yamejaa tena, na sababu naijua. Tangu mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere ianze kufua umeme Februari 2024, watu wameanza kuusahau mgao, na majenereta ya majumbani yamegeuka makazi ya panya. Halafu nguzo moja inalala kwa mvua, mtaa unakaa giza siku mbili, na kila mtu anakimbilia nyuma ya nyumba kufunua turubai lililofunika mashine ambayo haijaguswa mwaka mzima. Bwawa lina megawati 2,115, lakini haliwezi kuishika nguzo yenu isianguke.

Swali: Jenereta langu limegoma kuwaka. Tatizo ni nini? (Dar es Salaam)

Jibu: Sijui, maana hukuniambia kitu. La petroli au la dizeli? La kamba au la ufunguo? Linazunguka bila kushika, au halizunguki kabisa? Swali hili nalipata kila wiki, neno kwa neno. Tazama koki ya mafuta. Tazama kitufe chekundu cha dharura. Watoto hukibonyeza, na hakirudi mpaka ukizungushe. Kisha chomoa kijiti cha oili. Majenereta mengi madogo hukata moto yenyewe oili ikipungua, nawe unaendelea kuvuta kamba mpaka bega linachomoka.

Swali: Nina jenereta la dizeli la kVA 20 lenye ATS (swichi inayohama yenyewe kati ya TANESCO na jenereta). Umeme ukikatika halijiwashi, lakini nikiliwasha mwenyewe linanguruma vizuri na nyumba inapata umeme. Fundi anasema ATS nzima imekufa, ninunue nyingine. (Tegeta)

Jibu: Usinunue kitu. "Nzima imekufa" ni maneno ya fundi aliyekuja bila mita.

Jibu lako liko ndani ya swali lako. Ukiliwasha kwa mkono nyumba inapata umeme, maana yake ATS imeliona jenereta, kontakta (zile swichi zake kubwa) zimehama, na nyaya nene zote ni nzima. Kilichokufa ni ujumbe: ile amri ya "TANESCO wameondoka, waka."

Anza na kioo cha kontrola, ule ubongo wa jenereta. Kama hakionyeshi AUTO, umemaliza. Aliyekuja kubadilisha oili aliliacha kwenye MANUAL akaondoka na hela yake. Kama liko AUTO, fuata nyaya mbili nyembamba zinazotoka kwenye ATS kuja kwenye kontrola. Ndani ya ATS kuna rilei ndogo. Umeme wa TANESCO ukipotea inaziunganisha nyaya hizo, na kontrola inaelewa. Zichomoe upande wa kontrola, kisha uunganishe zile tundu mbili kwa kipande cha waya, ukisimama mbali na feni na mkanda. Injini ikiwaka, kontrola ni nzima na shida iko kwenye nyaya au kwenye rilei.

Kwangu mimi ilikuwa rilei. Sisimizi walikuwa wamejipanga katikati ya ncha zake, wamekauka, na kila zilipotaka kugusana zinagusa sisimizi. Rilei mpya ni bei ya kuku wawili. ATS nzima ni bei ya ng'ombe.

Ila kasha la ATS usilifungue wewe. Mle ndani umeme unaingia kwa milango miwili, na kuzima meni swichi ya nyumba hakuzimi hata mmoja. Mwite mwenye leseni ya ufungaji umeme ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji), na umwombe akuonyeshe leseni yenyewe. Akikasirika, si wako huyo.

Swali: Betri ya jenereta inakufa kila baada ya miezi sita. Ninunue betri ya kampuni gani? (Dodoma)

Jibu: Nunua chaja. Betri isiyochajiwa wakati mashine imelala hufa, iwe ya kampuni yoyote. Kama chaja ipo, pima: betri nzima iliyotulia husoma volti 12.6, na chaja ikiwa inafanya kazi utaona kama 13.5. Ukisoma 12.2 huku chaja imewashwa, chaja ni pambo.

Swali: Jenereta linajiwasha jioni wakati umeme upo! Majirani wote wana taa, mimi nachoma dizeli. Nikimwambia fundi anakuja mchana, haoni kitu. (Kimara)

Jibu: Hawezi kuona kitu mchana kwa sababu tatizo lako linaingia kazini saa moja jioni, wakati mtaa mzima unapika, unapiga pasi na kuwasha viyoyozi. Ndugu, umeme upo, ila hautoshi. ATS yako haiulizi kama taa inawaka. Inauliza kama volti zimefika kiwango alichokipanga mfungaji. Wengi hupanga kati ya 190 na 200. Kwako jioni huenda zinashuka hadi 180, taa za LED za jirani zinaendelea kuwaka bila kulalamika, na mashine yako inafanya kile ulichoinunulia.

Pima saa moja, saa mbili na saa tatu usiku, siku tatu mfululizo, uandike. Kama una fezi tatu (nyaya tatu za umeme kutoka TANESCO), pima zote. Fezi moja ikipotea ATS huhama, na nyumba ya jirani iliyo kwenye fezi nyingine haina habari. Kama volti ziko 225 na bado linawaka, basi mwambie fundi akague fyuzi ndogo zinazopeleka umeme wa TANESCO kwenye kontrola. Moja ikiungua, kontrola inakuwa kipofu na kuamini kwamba giza limeingia.

Utashawishika kushusha kiwango hadi 160 ili mashine inyamaze. Itanyamaza, kisha friji nayo itanyamaza. Kompresa kwenye volti 160 inavuta ampea nyingi, inapata joto na kuungua polepole. Orodha yako ya vipimo ipeleke ofisi ya TANESCO ya wilaya. Karatasi yenye saa na volti ni vigumu kuijibu kwa "tutafuatilia".

Na kwa wote wanaouliza kwa nini umeme ukirudi ATS inachelewa dakika kadhaa kuhama: ndivyo ilivyopangwa. Umeme wetu hurudi, hukatika, hurudi tena. Ukiuamini mara ya kwanza utajuta.

Swali: Tukitumia jenereta, yuniti za LUKU zinapungua. Inawezekanaje, na TANESCO hawapo? Tunachomeka kwenye soketi ya sebuleni. (Mwanza)

Jibu: Nilikuwa nasoma swali lako nikicheka mpaka nilipofika sentensi ya mwisho.

Una ule waya wenye plagi dume pande zote mbili. Upande mmoja kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi, na nyumba nzima inawaka kinyumenyume. Siku yuniti zilipopungua, meni swichi haikuzimwa. Umeme wa jenereta ukatoka nje kupitia mita, na mita nyingi za sasa zimetengenezwa kuhesabu umeme unaopita hata ukipita kinyume, kwa sababu wezi walishazigeuza sana. Kwa hiyo umenunua petroli, na juu yake umelipia yuniti.

Hasara hiyo ni ndogo. Umeme uliotoka kwenye mita yako unaelekea kwenye transfoma. Transfoma haijui mbele wala nyuma. Ile inayoshusha volti 11,000 au 33,000 kuja kwako, ukiilisha kutoka kwako inazipandisha. Na aliye juu ya nguzo saa hiyo ni fundi aliyekuja kukurudishia umeme, aliyeambiwa laini imezimwa. Kama jenereta lako halikuzimika kwa kubeba mzigo wa mtaa mzima, ni kwa sababu waya ulikuwa umekatika karibu na kwako. Yaani karibu kabisa na mahali alipokuwa anapanda.

Usiniambie huwa mnakumbuka kuzima meni swichi. Siku hiyo hamkukumbuka, na ushahidi uko kwenye yuniti. TANESCO wakirudi ghafla, jenereta linakutana nao uso kwa uso na koili zake zinaungua. Mtoto akiikanyaga ile plagi ikachomoka, pini zake zina volti 230 hewani.

Kata waya huo leo, vipande vitatu, ili asije mtu akauunganisha. Kisha funga chenjiova ya mkono, ile ya wenzo: juu TANESCO, katikati hakuna kitu, chini jenereta. Haiwezi kuwa juu na chini kwa wakati mmoja hata ukiwa umelewa. Iwe ya poli mbili, ikate laivu na nyutro pamoja, na ikae baada ya mita, si kabla. Nimeshachoka kuandika aya hii, na nitaiandika tena mwezi ujao.

Swali: Wezi wamezidi. Naweza kuliwasha jenereta likiwa ndani ya stoo, mlango wazi? (Mbagala)

Jibu: Hapana. Wala barazani chini ya dirisha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na watu hufa wakiwa wamelala wakidhani ni uchovu. Lichomelee kizimba cha nondo uani, mita sita au zaidi kutoka kwenye dirisha, mnyororo na kufuli.

Swali: Assalaam alaykum. Tuna nyumba ya wageni Jambiani. Jenereta letu ni la dizeli kVA 30, tangu wakati ule wa giza kubwa. Siku hizi linatoa moshi na matone meusi kwenye bomba la moshi. Tunalitunza, tunalitumia kidogo sana: taa, friji tatu na pampu. (Zanzibar)

Jibu: Wa alaykum salaam. Nakumbuka manunuzi yale. Waya wa baharini ulikufa Desemba 2009, Unguja ikakaa bila umeme wa gridi hadi Machi 2010, na kila mwenye uwezo alinunua jenereta alilolikuta, si analolihitaji.

Mnasema mnalitunza kwa kulitumia kidogo. Hilo ndilo linaloliua. kVA 30 ni kama kilowati 24. Mzigo wenu, kwa hesabu ya haraka, hauzidi 3. Injini ya dizeli ikibebeshwa chini ya theluthi ya uwezo wake kwa muda mrefu haipati joto, dizeli haiungui yote, inachanganyika na masizi na kuchuruzika kwenye bomba. Hayo ndiyo matone yenu. Si lazima iwe pistoni, na msikubali mtu aifungue injini kabla ya kujaribu dawa hii: lipeni kazi. Washeni hita za maji za vyumbani, majiko ya umeme, pasi, mkipandisha hatua kwa hatua mpaka kilowati 15 hadi 18, na mliache hivyo kwa muda wa saa tatu au nne. Litatoa moshi mzito mwanzoni, na cheche zinaweza kuruka kutoka kwenye bomba, kwa hiyo makuti yawe mbali na awepo mtu wa kulitazama. Moshi ukikatika, mmepona. Baada ya hapo, kila mwezi lipate angalau nusu saa ya mzigo wa kweli. Likifa, nunueni la kVA 8.

Na kwa chumvi ya pwani, fungueni kasha la nyaya mara moja kwa mwaka. Ncha zikigeuka kijani, ndizo zitakazowaka moto siku ya mzigo mkubwa.

Swali: Nina jenereta la kVA 5. Pampu ya 1 HP ikiwaka, linazima. Nimedanganywa? (Arusha)

Jibu: Kidogo. kVA 5 ni kama kilowati 4 tu, na vibao vingi huandika kile ambacho mashine inaweza kwa dakika chache. Pampu yako inakula kama wati 1,000 ikishazunguka, lakini kwenye kuanza inavuta mara tano hadi saba. Zima kila kitu, iwashe pampu kwanza, vingine vifuate. Ukigoma kuzima kiyoyozi, usinilaumu.

Swali: Jenereta la petroli limekaa mwaka. Injini inawaka vizuri, umeme hautoki hata kidogo. (Tanga)

Jibu: Kagua brika yake kwanza, kisha kaboni brashi na kapasita au AVR (kifaa kinachosawazisha volti). Vikiwa vizima, sumaku iliyobaki kwenye rota imefifia, na bila hiyo jenereta halina pa kuanzia. Fundi anairudisha kwa kuigusisha betri ya volti 12 kwenye brashi sekunde moja au mbili, chanya kwa chanya, nyaya za AVR zikiwa zimechomolewa. Usipochomoa, utanunua AVR. Mwaka mzima! Lingewashwa dakika ishirini kila mwezi usingeniandikia.

Swali: (Ujumbe wa sauti, dakika nne. Morogoro)

Jibu: Nimeusikiliza wote. Nimesikia jogoo, mvua kwenye bati, na wewe ukisema "sikia, sikia" mara sita. Nimesikia. Injini inapanda, inashuka, inapanda, kama mtu anayepumua kwa shida, na ukivuta choki nusu inatulia. Hiyo ni kabureta: petroli ya zamani imekauka na kuziba kitundu chembamba cha mafuta ya silensa, yaani ya injini ikizunguka taratibu. Mwaga petroli yote, fungua bakuli la kabureta, zibua kitundu hicho kwa unyuzi mmoja uliouchomoa kwenye waya wa umeme. Usitumie sindano, utakipanua na hakirudi.