Bakteria Akijificha Ndani ya Seli, Nani Humfikia?

SWALI: Nimesoma kwamba bakteria wa kifua kikuu huishi ndani ya seli zile zile zinazopaswa kumuua. Ikiwa kingamwili, yaani protini za kinga zinazozunguka katika damu, hazimfikii humo, mwili hujilindaje? Na hesabu ya CD4, yaani idadi ya aina fulani ya seli za kinga katika damu, inahusianaje na ugonjwa huu?

JIBU: Ulilosoma ni kweli. Bakteria huyu, ambaye Robert Koch alitangaza kumgundua mwaka 1882, akishavutwa pamoja na hewa hadi ndani ya mapafu humezwa na makrofaji, seli ambazo kazi yake ni kula vimelea. Kwa kawaida kifuko kilichobeba kimelea huungana na kifuko kingine chenye asidi na vimeng'enya, kimelea kikasagwa humo. Lakini bakteria wa kifua kikuu huuzuia muungano huo, akatulia na kuzaana polepole.

Hapo ndipo seli T, aina ya seli nyeupe za damu, zinapohitajika. Makrofaji huchukua vipande vya protini za bakteria na kuvianika juu ya utando wake wa nje, na seli T yenye kipokezi kinacholingana na kipande hicho hukitambua. Seli T ya aina ya CD4 haimuui bakteria moja kwa moja, bali hutoa intaferoni gama, kemikali inayoiamsha makrofaji ikamilishe kazi iliyokwama. Seli T za CD8 nazo hutoboa seli iliyoambukizwa na kuiua.

Ukitaka kuona kazi hiyo kwa macho, tazama mkono wa mtu aliyechomwa kwenye ngozi tuberkulini, yaani protini za bakteria wa kifua kikuu zinazotumika kupima maambukizi. Baada ya saa 48 hadi 72, mahali pale huvimba na kuwa pagumu kwa sababu seli T zilizowahi kukutana na protini za aina hiyo, iwe kwa maambukizi au kwa chanjo ya BCG, zimekusanyika hapo na kuziita seli nyingine. Aliyeambukizwa juzi huenda asivimbe kabisa, kwani seli T huchukua wiki kadhaa kuandaliwa katika tezi za limfu.

Kuhusu CD4, jibu linasikitisha: VVU huziharibu seli hizo hizo, hivyo makrofaji hubaki na bakteria tumboni bila wa kuziamsha. Ndiyo maana anayeishi na VVU hushauriwa kuanza mapema dawa za kufubaza virusi na, akishapimwa na kuonekana hana kifua kikuu, apewe pia dawa za kukizuia.