MASWALI YENU: "Coastal itaniua na presha, niamini usajili au nisubiri?"

SWALI: Mzee wangu shikamoo. Mi ni mwana Coastal Union wa damu, niko Makorora hapa Tanga, marehemu babu katulisha stori za ubingwa wa 1988 mpaka unaona kama na wewe ulikuwepo. Sasa hii timu inatuchosha. 2023/24 tumemaliza wa nne tukajua tayari, tumerudi mjini, msimu unaofuata tunaanza tena kuchungulia huku chini nani bado yuko nyuma yetu. Saizi ligi imesimama, kila ukishika simu ni picha ya mchezaji kashika jezi, mara straika kutoka huku mara kiungo kutoka kule, vijana hapa kijiweni wameshatupangia mpaka nafasi ya tatu. Moyo unataka kuamini kichwa kinagoma. Na hivi kocha akibadilishwa kweli kuna kitu kinabadilika au ni kutupoza tu? – Mgosi wa Makorora

JIBU: Marahaba mgosi wangu. Amini, ila chagua cha kuamini, maana picha ya mtu kashika jezi haijawahi kuokoa kona hata moja. Mi kipindi hiki cha usajili anaekuja wala simwangalii sana, namwangalia anaeondoka na alikuwa anacheza wapi. Kwa Coastal jambo hili liko wazi hata halihitaji mchambuzi wa kwenye tivii.

Rudi 2020. Tulikuwa na vitasa viwili, yaani mabeki wa kati, Bakari Mwamnyeto na Ibrahim Ame, dirisha likafunguka Mwamnyeto huyo Yanga, Ame huyo Simba, alafu pale mbele Ayoub Lyanga akabebwa na Azam, yaani wakubwa wote watatu wa Dar wamekuja kununua duka moja siku moja. Msimu uliofuata tukaumalizia kwenye mechi za mchujo na Pamba ya Mwanza tunagombania roho. Watu hapa walisema mengi, oo timu imerogwa, oo wazee wamesusa. Hakuna cha wazee wala nini, ukuta umebomolewa alafu unashangaa upepo unaingia.

Mwaka mmoja tu baadae, 2022, tuko fainali ya kombe la shirikisho pale Sheikh Amri Abeid Arusha, tunaiweka Yanga kwenye tatu tatu, mshambuliaji wetu Abdul Suleiman 'Sopu' kafunga zote tatu peke yake, tukatolewa kwa penati. Wangapi wanakumbuka kwamba baada ya ile mechi Sopu hakuonekana tena na jezi yetu? Akaenda Azam. Simlaumu hata kidogo, mpira ni kazi na kazi ina umri wake mfupi, na klabu nayo lazima ile. Ninachosema ni kwamba Tanga ile ya waja leo waondoka leo imeingia mpaka kwenye kikosi, na wewe shabiki ukipanga matumaini yako panga ukijua hilo.

Sasa angalia ule msimu wa nafasi ya nne. Kilichotupeleka kule si mabao, mabao yenyewe tulikuwa tunayapata kwa tabu, ni nyuma. Ley Matampi golini kamaliza msimu kipa bora, kampita mpaka Diarra wa Yanga kwa mechi ambazo nyavu hazikuguswa, na mbele yake kuna mtu kama Lameck Lawi. Ndo maana Juni 2024 Simba walipomtangaza Lawi na Coastal wakasema biashara haijakamilika, mji mzima ulichacha, wanaume wanagombana kwenye kahawa kama wamedhulumiwa shamba. Walikuwa sahihi kuchacha. Straika ukimkosa utalia mechi mbili tatu, kitasa ukimkosa utalia mpaka lala salama, mechi za mwisho wa msimu.

Kwa hiyo fanya hivi. Achana na yale maneno yanayoandikwa juu ya picha, "mashine", "mtambo", "kifaa kipya", kila mtu siku hizi mtambo. Uliza kasaini miaka mingapi. Kama ni mwaka mmoja jua akiwika tu mwezi wa sita anaondoka bure na klabu haipati hata nauli. Uliza kama ni wa mkopo, maana wa mkopo unamfundisha wewe, unamvumilia wewe akikosa, akishaiva mwenyewe anakuja kumchukua. Na uliza msimu uliopita alicheza dakika ngapi huko alikotoka, hili ndo watu hawataki kabisa kuliuliza kwa sababu linaharibu sherehe. Mtu hajacheza tangu Januari unamtegemea Agosti akukimbilie dakika tisini kwenye joto la Tanga? Thubutu.

Kuhusu kocha. David Ouma alitupa nafasi ya nne, tukamuona bonge la kocha. Agosti 2024 tukapigwa tano mbili na Azam kwenye Ngao ya Jamii kule Zanzibar, tukaenda Angola tukala tatu bila kwa Bravos do Maquis, marudiano suluhu, Afrika ikaishia hapo hapo na Ouma naye akaondoka. Baadae akaja Juma Mwambusi. Wengine wanamtaja Juma Mgunda. Mi Mgunda namheshimu sana, ni mtoto wa nyumbani, ndie aliekuwa benchi kwenye ile fainali ya 2022 na Simba wenyewe wakamfuata. Lakini hata kocha kama yeye akikabidhiwa wachezaji wapya nusu kikosi atahitaji muda, na muda sisi mashabiki ndo hatunao, mechi ya tatu tu tunaanza kuguna jukwaani. Kocha mpya anaamsha watu wiki chache, kila mtu anajituma ili aonekane. Baada ya hapo unabaki na kikosi ulichosajili.

Kitu kinachonitia wasiwasi kuliko hata straika ni uwanja. Machi 2025 mechi yetu ya nyumbani na Simba imechezwa Arusha, Mukwala wa Simba kaweka tatu peke yake, na sisi watu wa Ngamiani tunaitazama kwenye banda. Nyumbani gani hiyo unapanda basi? Mkwakwani, uwanja wetu hapa Tanga, ukiwa umejaa kipa wa timu ngeni anaitwa jina lake na jukwaa zima kila anapotaka kupiga goli kiki, anachelewa, anatazama nyuma, mwisho anaubutua nje. Zile ni pointi mgosi. Kwa hiyo ukiniuliza habari gani ya kufurahia kipindi hiki, kwangu kusikia mechi zote za nyumbani zinachezwa Mkwakwani na majani yako sawa inanipa raha kuliko majina manne ya nje.

Na usisahau 2016, Coastal, African Sports na Mgambo zimeshuka zote tatu kwa mpigo, mkoa mzima ukabaki hauna timu ligi kuu mpaka tuliporudi 2018. Anaekwambia Coastal haishuki mwambie akakae. Mi natabiri tutakuwa katikati ya msimamo kama mabeki wa kati na kipa watabaki. Wakiondoka wawili kati yao, andaa dawa ya presha mapema.

SWALI: Kaka samahani, mume wangu anajiita Coastal kufa na kupona ila Simba wakija Mkwakwani namuona anashangilia bao la Simba. Nikimuuliza anasema sielewi mpira. Huyu ni shabiki kweli? – Mama Husna, Chuda

JIBU: Dada yangu pole, na hauko peke yako, nusu ya Tanga iko hivyo. Tena wa Simba wana bahati, jezi zote mbili nyekundu na nyeupe, anaingia uwanjani hakuna wa kumshtukia mpaka bao liingie. Wa Yanga masikini inabidi abadili shati chooni. Ukitaka kumjua vizuri mwangalie siku Coastal inacheza na timu ndogo, Jumatano, jua kali, hakuna anaejali. Akienda huyo ni wa kwetu, hiyo moja kwa mwaka msamehe.

SWALI: Habari mzee. Mi mwanafunzi Bagamoyo. Kwanini watu wanaogopa kumaliza wa 13 na wa 14 wakati wanaoshuka ni wawili wa mwisho? – Dogo wa Magomeni, Bagamoyo

JIBU: Kwa sababu timu ziko 16, mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, ila wa 13 na wa 14 wanapigana wao kwa wao, anaefungwa anakutana na timu ya Championship, ligi ya chini yake, inayotaka kupanda. Ile timu ya chini inakuja na njaa ya msimu mzima, wewe unakwenda umechoka na mishahara labda inadaiwa. Muulize mgosi wa Makorora hapo juu, atakusimulia Pamba.